Maumivu Niliyoyaita Mbili

Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana. Mtanisamehe nikishuhudia nimekaa. Mchungaji ameniruhusu, na akina mama wameniwekea mto kwa hiki kiti, kwa hivyo msifikiri ni kiburi cha uzee. Wengine wenu mnanijua kama Menye Sein, yaani baba ya Sein. Mimi ni mfugaji kutoka kule Kajiado, na ni mzee wa kanisa huko nyumbani. Hapa Kitengela mnaniona kwa sababu ninakaa kwa kijana wangu Noonkopir, nikihudhuria kliniki.

Niko na kansa. Nimelisema mapema ili mtu asikae hapo akingoja mahali nitasema imeisha. Haijaisha. Ilianzia kwenye tezi, ile ya wanaume, ikaingia mifupa ya kiuno na mgongo. Daktari aliniambia wazi kwamba wataipunguza mwendo, lakini kutoka haitatoka. Sasa mtauliza, basi huyu mzee amepanda hapa kushuhudia nini? Nimekuja kueleza vile Mungu alinitoa katika mateso, na vile mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nimekalia mlango.

Ndugu zangu, sisi Wamaasai tunalelewa hivi. Kijana akipelekwa kwa kisu, hapepesi jicho. Kidole cha mguu kikicheza tu, watu wameona, na jina la boma la baba yake limeshuka. Mimi sikupepesa. Nilisifiwa, baba akanipa mtamba mwekundu, na tangu siku hiyo nikajua mwanaume ni mtu ambaye akiulizwa anasema ni kidogo tu. Sikusoma sana shuleni, lakini hilo somo nilipita vizuri.

Mgongo ulipoanza kuniuma nilisema ni kazi. Mtu anayenyanyua ndama na kuchimba mashimo ya nguzo, mgongo utamwachia nini? Mama Sein, mke wangu, alikuwa akinisikia nikigeuka kitandani na kushusha pumzi, akaniuliza mara nyingi. Nilimwambia ni kidogo. Tulipofika hospitali hatimaye, na kansa ikaonekana, daktari akauliza mzee inauma aje, na mimi nikajibu vile nilifundishwa. Akaniandikia vidonge vya maumivu kidogo. Angefanya nini? Alinipa dawa ya kitu nilichomwambia.

Hivyo vidonge havikufika mahali maumivu yalikuwa. Lakini kurudi kusema havifiki ingekuwa kulia, na mimi silii. Nikajitafutia. Mama Sein alikuwa na vidonge vyake vya magoti, nikachukua. Jirani alikuwa na vyake vya mgongo, akanipa kwa moyo mzuri. Nikaongeza vingine vya duka la dawa, vile vyekundu. Nilikuwa ninatembea na aina tatu katika mfuko wa koti, na nilijiona mjanja, kwa sababu majina yalikuwa tofauti na rangi tofauti. Nilikuwa nikimeza asubuhi kabla ya chai, tumbo likiwa tupu, nikaenda kutoa ng'ombe.

Tumbo likaanza kuwaka. Choo kikawa cheusi kama lami. Sikumwambia mtu, kwa sababu mambo ya choo mtu mzima anamwambia nani? Asubuhi moja nilianguka karibu na lango la boma, na Mama Sein alinikuta nimetapika damu. Nililazwa, nikaongezwa damu ya watu nisiowajua, na Mungu awabariki popote walipo. Huko hospitali ndiko nilielezwa kwamba zile dawa zangu tatu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kila moja ingeweza kuumiza tumbo peke yake, na mimi nilikuwa nikizimeza zote pamoja. Ndugu zangu, mtu akiwa na mifuko miwili ya dawa nyumbani, aibebe yote ampelekee daktari aangalie.

Basi zile zikakatazwa kabisa. Nikabaki na vile vidonge vya mwanzo, na maumivu yote yakarudi kudai nafasi yao. Ndipo Tajeu, kijana wangu, akanileta kwake Noonkopir ili niwe karibu na kliniki. Yeye anafanya kazi ya zamu kiwandani huko Athi River, kwa hivyo mtu niliyebaki naye mchana alikuwa mke wake, Nekesa, ambaye ni Mbukusu na ni mwalimu hapa. Shule zilikuwa zimefungwa. Ni msichana wa heshima sana. Kwao baba mkwe na mke wa mwana hawazoeani ovyo, na kwetu ni vivyo hivyo, tunaita enkanyit. Kwa hivyo tulikuwa watu wawili wenye heshima katika nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Sasa niwaambie kitu kilichokuwa kikiniuma kuliko mifupa. Binti yangu wa mwisho, Naserian, alikuwa ameshachumbiwa. Kijana ni mtu mzuri, mwalimu huko upande wa Loitokitok, na wazee walikuwa wameshakubaliana. Kwetu msichana hatoki bomani bila baba yake kumbariki kwa maziwa na maneno. Hata sisi tuliookoka hatukuliacha hilo, tunafanya asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Na hiyo baraka haitolewi na mdomo mchungu. Mzee akiwa na hasira ndani, ni afadhali anyamaze, kwa sababu maneno yake yanaweza kumfuata mtoto vibaya.

Na mdomo wangu ulikuwa umekuwa mchungu. Maumivu yanakula mtu polepole, kwanza usingizi, halafu chakula, halafu tabia. Mjukuu wangu mdogo alikuwa akija na kuinamisha kichwa nimguse, vile watoto wetu wanasalimia wazee, na mimi nilikuwa nikijivuta nyuma, kwa sababu akiniegemea goti tu nilikuwa ninaona giza. Mtoto akaacha kuja. Alikuwa ananisalimia akiwa mlangoni.

Naserian alikuja siku moja kuniona. Akaniona ninahangaika kuinuka kwenye kiti, akanishika kiunoni anisaidie. Alishika pale pale penye moto. Nilimwambia, "Toka! Kwani hamwezi kuniacha nife?" Sijawahi kumwambia huyo mtoto neno kama hilo tangu azaliwe. Alirudi nyuma, akafunika mdomo na leso, akaenda jikoni kwa Nekesa. Alipotoka huko macho yalikuwa mekundu. Akakaa mbali kidogo na mimi.

"Baba," akasema, "nimeongea na watu wa mchumba wangu kwa simu. Harusi itangoja. Siwezi kutoka nyumbani ukiwa hivi. Nitatoka ukipona."

Ndugu zangu, hilo lilinivunja. Yeye alisema kwa upendo, lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa na daktari kwamba kupona hakuko. Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa ameahidi kungoja kitu ambacho hakitakuja. Angekaa hapo akiniuguza mpaka nizikwe, na yule kijana angechoka, na mimi ningekuwa nimefunga maisha yake kwa maumivu yangu. Nililia hiyo siku, lakini chini ya blanketi.

Nikaanza kuomba. Na mimi niliomba vile tunaomba wote, Bwana ondoa hii kansa. Ndugu walikuja nyumbani wakaniwekea mikono, na ninawashukuru. Mmoja wao, mtu ninayempenda, aliniuliza baada ya maombi, "Mzee, si unasikia nafuu?" Nikasema amina. Ilikuwa inauma vile vile, lakini ningemwambiaje ndugu ambaye bado jasho la maombi liko usoni? Mnaona nilivyokuwa. Hata kwa Mungu nilikuwa ninamwambia ni kidogo.

Sasa Mungu alinijibu, na hakutuma malaika. Alimtuma Lekishon.

Lekishon ni mtu wa rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukalala nyumba moja tukipona, tukachunga pamoja mpaka akahamia Illasit, ambako sasa analima nyanya na vitunguu vya maji. Kwetu mtu wa rika lako si rafiki tu. Hawezi kukataliwa kitu, na hakuna neno la heshima kati yenu linalomzuia kukuambia ukweli. Mke wangu hawezi kunitukana, watoto hawawezi, mchungaji ataona haya. Lekishon ataanza kwa matusi kabla hajakusalimia sopa.

Alikuja na kreti ya nyanya, akaingia, akaniangalia vile nilikuwa nimekunjamana, akasema, "Wewe ni nani, na rafiki yangu umempeleka wapi?" Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya maumivu, ile ambayo nilikuwa nimeanza kupelekwa. Tajeu alikuwa zamu, kwa hivyo Lekishon akasema atanipeleka yeye, na Nekesa akaja nyuma na cheti cha hospitali.

Pale kliniki kuna daktari mmoja kijana, Mkamba, anaitwa Mwende. Ni wa umri wa Naserian. Kila mara nikienda alikuwa akiniuliza swali moja: kutoka sufuri mpaka kumi, ambapo kumi ni maumivu makubwa kabisa unayoweza kufikiria, leo uko wapi? Na kila mara nilikuwa ninamjibu mbili. Fikirieni. Mtoto wa kike yuko mbele yangu, mke wa mwanangu yuko nyuma yangu, na mimi nianze kusema ninaumia? Siku hiyo pia aliuliza, nami nikasema, "Mbili tu, daktari."

Lekishon akacheka. Akacheka mpaka watu wa benchi la nje wakachungulia.

"Daktari, usiandike hiyo," akasema. "Huyu tulikatwa asubuhi moja. Hata ile siku, damu ikitoka, ungemuuliza angekuambia mbili."

Daktari Mwende akaweka kalamu chini. Lekishon akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. Akaniambia kwa Kimaasai, polepole, "Kile kisu kilishapita. Hukupepesa, sote tuliona, hakuna mtu atakunyang'anya hiyo. Sasa nani anakuangalia? Unamfichia nani? Binti yako anakungojea wewe upone, na wewe hata hutaki kusema unaumia wapi."

Nekesa haelewi Kimaasai, lakini alielewa. Alisimama akasema anaenda kuangalia foleni ya dawa, akatoka akafunga mlango. Nilikuwa ninasikia mdomo wangu unakataa kufunguka, kama lango la zamani lililozama kwenye tope. Halafu nikasema, "Ni tisa. Usiku ni kumi. Sijalala tangu mvua iishe." Na nikalia mbele ya mtoto wa watu, mzee mzima, machozi yakaingia kwenye ndevu. Lekishon akanishika mkono, na hakuniangalia usoni mpaka nikamaliza.

Daktari hakunihurumia kwa maneno mengi. Alisema, "Mzee, asante. Nilikuwa ninakupa dawa ya mbili. Sasa wacha tutibu tisa."

Ndugu zangu, huo ndio mlango nilioutaja. Daktari alikuwa na dawa siku zote. Ilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake. Alichokuwa hana ni neno langu.

Alinieleza kwamba maumivu ya kansa hayashindwi na dawa moja inayokimbizana nayo. Kuna dawa ya maji inaitwa mofini, ya nguvu, na hii inanywewa kwa saa yake, kila baada ya saa nne, uchungu ukiwepo au usiwepo. Mimi nilikuwa ninadhani dawa ni kama rungu, unaitoa nyoka akishaingia nyumbani. Akasema hapana, ukingoja maumivu yapande, kuyashusha ni vita. Vile vidonge vya mwanzo sikuachishwa, kwa sababu vikitembea na mofini vinaisaidia. Halafu kuna kidonge kimoja kidogo cha jioni, cha ule moto uliokuwa unashuka mguuni kama waya wa stima. Na chupa nyingine, ya kulainisha choo. Akasema hiyo ya choo ni lazima kama mofini yenyewe. Hiyo sehemu nilijifanya sikusikia.

Hizi ni dawa zangu na kipimo changu. Mtu asiende kunakili, na mtu asinywe ya mwenzake, mmeshasikia mimi nilifika wapi.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku za kwanza nililala kama mtoto aliyeshiba. Nikiamka nilikuwa nikimwita ng'ombe aliyekufa zamani, nikidhani niko bomani. Nilitapika. Ngozi iliwasha. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukashika meno, na hiyo ilikuwa kazi ya kile kidonge cha jioni. Nikamwambia Mama Sein kwa simu, "Hii dawa inaniua kabla ya ugonjwa." Lakini Nekesa alikuwa anapiga simu kliniki na kueleza kila kitu. Wakaongeza dawa ya kichefuchefu kwa muda, wakapunguza mofini kidogo, halafu wakaipandisha tena polepole. Waliniambia usingizi utapungua mwili ukizoea, na ukapungua. Kutapika kukaisha. Mdomo mkavu ninautibu kwa kunywa maji kidogo kidogo mpaka leo.

Choo ndicho hakikuzoea. Hapa nitasema wazi, na vijana huko nyuma wakitaka kucheka wacheke, siku yao itafika. Mofini inafunga tumbo, na tumbo halizoei kamwe kama halijasaidiwa. Mimi ile chupa ya pili nilikuwa ninaimwaga kwenye sinki. Sababu ni hii. Ile nyumba ina choo kimoja, na mlango wake uko pale sebuleni, hatua chache kutoka mahali mke wa mwanangu anakaa akikuna nazi na kusikiliza redio. Mzee wa Kimaasai atakimbia mbele ya mke wa mwanawe, aingie hapo, na kila kitu kisikike? Afadhali nife nimejaa. Tena nilikuwa ninakula nyama na maziwa na ugali, mboga nikimwachia mjukuu. Na nilikuwa nimeagiza kutoka nyumbani gome la mti wa olkiloriti la kuchemshia supu, ambalo sisi tunalipenda, kumbe lile nalo linakaza tumbo.

Basi maumivu ya mifupa yalishuka, na ya tumbo yakapanda. Nilikuwa nimerudia kosa lile lile kwa mlango mwingine. Ndugu zangu, Bwana anaweza kukufundisha kitu Jumatatu na Ijumaa ukawa umekisahau. Mwishowe nilimpigia Lekishon. Alikuwa sokoni Illasit, na alipiga kelele kwenye simu mbele ya wauza vitunguu wote, "Unakufa kwa sababu ya mavi?" Halafu akampigia Mama Sein, na Mama Sein akampigia Nekesa. Hivyo ndivyo neno lilivyofika kutoka chumba changu mpaka jikoni, likipitia Illasit na Kajiado.

Nekesa hakuniambia kitu. Lakini kuanzia kesho yake papai likawa mezani kila siku, na sukuma wiki, na ile supu ikaja bila gome. Na kila asubuhi baada ya kuniwekea dawa, zote mbili, alikuwa anafunga leso, anamshika mtoto mkono, na kusema, "Baba, tunaenda kununua maziwa. Tutachelewa kidogo." Anaweka redio sauti juu, anaenda. Nilikuwa peke yangu na choo changu, katika amani.

Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba ndani ya friji kulikuwa na maziwa ya kutosha kufungua duka. Nilisimama hapo na mlango wa friji wazi, nikaona haya, halafu nikashukuru sana. Huyo msichana alikuwa amelinda heshima yangu bila kuniambia hata neno. Tumbo likafunguka. Chupa ya pili sijaimwaga tena.

Habari zilipofika kwamba ninakunywa mofini, simu zilianza. Wengine walisema hiyo ni ya watu wanaokata roho. Wengine walisema nitakuwa mlevi. Ndugu mmoja akaniambia nikiwa na imani ya kweli niache. Niliwajibu vile daktari alivyonijibu mimi nilipouliza hayo hayo: ikipimwa vizuri na kufuatwa, inamrudisha mtu kwa watu wake. Na mimi niliona kwa macho yangu. Nilianza kulala. Nilianza kula. Mjukuu alikuja na kichwa chake, nikakiwekea mkono, akabaki hapo ameegemea goti langu akiniuliza kama ng'ombe wana majina. Na kuhusu imani, niliwaambia hivi: Bwana wetu mwenyewe akiwa msalabani alisema ana kiu. Alisema kwa sauti, na watu wakasikia. Kama yeye hakuona haya kusema, mimi ni nani?

Naserian nilimwita nikiwa nimekaa vizuri. Nilimwambia ukweli wote, kwamba sitapona, na kwamba hakuna kungoja. Alilia sana. Nikamwambia, "Mama, mimi sikuahidi afya. Ninakuahidi kusimama asubuhi hiyo na kusema maneno yangu mwenyewe." Kisha nikamwomba anisamehe lile neno la siku ile. Akasema hakumbuki neno lolote. Anakumbuka, mimi ninamjua.

Sasa hofu yangu ikawa nyingine. Nikinywa dawa nyingi nitasinzia mbele ya wazee, nitabariki mtu mwingine. Nikinywa kidogo, maumivu yatauma katikati ya maneno na mdomo utachacha. Niliyapeleka haya kwa Daktari Mwende bila mtu kunisukuma, na nilifurahi na mimi mwenyewe. Akanipangia. Akaniambia kipimo cha saa yake ninywe kama kawaida, na kingine kidogo cha ziada ninywe nusu saa kabla sijasimama, na tukakijaribu wiki moja mapema tuone kama nitasinzia. Sikusinzia.

Asubuhi ya harusi huko Kajiado kulikuwa na baridi. Lekishon alikuwa upande wa kulia kwangu, akijifanya amesimama tu, na mkono wake ulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Mama Sein akanipa kibuyu cha maziwa. Naserian akaja akainamisha kichwa. Maumivu yalikuwepo, sitasema hayakuwepo, lakini yalikuwa mbali, kama ng'ombe anayelia boma la jirani. Niliweza kumwangalia mtoto wangu. Niliona vile ushanga wake ulikuwa umepangwa, na kovu dogo shingoni alilopata akikimbiza ndama. Nikamgusa kwa maziwa, nikasema: Enkai, Mungu wetu, akutangulie. Nyumba yako iwe na moto na kicheko. Uzae, ulee, uzeeke. Mdomo wako usiwe na siri ya uchungu. Kila nilipotua, wazee waliitikia, "Naai," ndiyo amina yetu. Hiyo ya siri ya uchungu haiko katika maneno ya wazee wetu, niliiongeza mimi. Na moyo wangu wote ulikuwa mtamu, ndugu zangu. Sikuwa na hasira hata kidogo.

Aliondoka bila kugeuka, vile inatakiwa. Mimi ndiye nililia, na sikutafuta blanketi.

Kwa hivyo ninamshukuru Mungu kwa Lekishon na matusi yake, kwa Daktari Mwende, kwa Mama Sein, na kwa mke wa mwanangu, aliyekaa pale nyuma ameinamisha uso kwa sababu ninamtaja. Ninamshukuru kwa miezi hii, sijui imebaki mingapi. Na wewe uliyekaa hapa ukiumia, na hasa nyinyi wanaume, mwamini Bwana na umwambie ukweli, halafu umwambie na daktari. Ukiulizwa, usipunguze.

Sasa Nekesa ananionyesha saa. Ni saa nne, saa yangu. Nilikuwa ninafikiria kutoka nje, niende nyuma ya kanisa nikanywe huko. Lakini nimejificha vya kutosha. Nekesa, mama, niletee hiyo chupa hapa mbele. Nitainywa mkiniangalia, halafu mchungaji ataomba.